Dada wa Kutwa

Shule yetu ya wasichana pale Mugutha ilichukua wanafunzi kwa njia mbili. Waliopata alama za juu waliitwa kutoka kila pembe ya nchi wakalala bwenini. Nafasi zilizobaki walipewa wasichana wa mtaa, waliokuja asubuhi kwa miguu na kurudi kwao jioni. Mimi niliitwa. Dadangu alinizidi mwaka mmoja, lakini ugonjwa ulimfanya arudie darasa, tukafanya mtihani pamoja. Yeye aliingia kama msichana wa mtaa.

Kutoka kitanda changu cha juu bwenini niliona bati la nyumba yetu. Mama, aliyehama kutoka Kakamega kuja kufanya kazi kwenye shamba la maua, alicheka. "Sasa nikija kukutembelea nitapanda gari gani?"

Sisi wa bweni tulikuwa na darasa letu, wa kutwa lao. Tuliwaita "wa geti", kwa sababu kila asubuhi walipanga foleni getini wapekuliwe mikoba. Nami niliwaita hivyo.

Jumatatu moja wakati wa chai, dadangu alisimama mlangoni mwa darasa letu na kibakuli cha viazi vitamu. Sweta yake ilikuwa imefifia; yangu ilikuwa mpya, kwa sababu mama alinunua moja tu.

"Huyo ni nani?" aliuliza msichana niliyeketi naye.

"Ni jirani yetu," nikasema.

Sikujua kwamba alikuwa ameshaingia. Aliweka kibakuli mbele yangu taratibu. "Mama jirani amesema ule kabla havijapoa," akasema, akatoka.

Sikuweza kumeza hata kimoja. Wenzangu walivimaliza.

Kwa wiki tatu hakuja tena. Tukipishana uwanjani aliangalia mbele. Siku ya wazazi ikafika, mama akaja na chapati na kuku, tukaketi nyasini sisi watatu. Yule msichana niliyeketi naye alitoka Turkana na hakuwa na mgeni. Nikamwona amesimama peke yake kando ya maktaba. Nilimwita. 

"Huyu ni mama. Na huyu ni dadangu," nikasema. "Ile siku nilidanganya."

Mama alituangalia mmoja mmoja. "Ulidanganya nini?"

Dadangu akamkatiza. "Mambo ya shule, mama." Akasogea kumpa mgeni nafasi. "Keti hapa. Unakula paja ama kifua?"

Hakunisemesha mimi, lakini alininyooshea chapati.

Kidato cha tatu walituchanganya madarasa, nikagundua kwamba katika hesabu yeye ndiye aliyepaswa kunifundisha. Alinifundisha, mara nyingine akinikemea.

Siku hizi anaishi Ngoingwa na ni fundi umeme kiwandani Thika. Mwaka jana, tukiosha vyombo kwake, nilimuuliza kama siku ile ya viazi ilimuuma sana.

"Maneno yako yalipita," akasema. "Shida ilikuwa jioni. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Akaniuliza, 'Alikula? Alifurahi?' Nilikuwa nimetembea njia nzima nikitafuta cha kumwambia."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba ulikula vyote, na ukanikumbatia mbele ya darasa lote."

Nilifunga mfereji. Mikono yangu ilikuwa na sabuni mpaka viwikoni, lakini nilimkumbatia hivyo hivyo.