Taa za Nyuma za Kaka Yangu

Ukifuata lori kwenye barabara ya vumbi ya kutoka Mazingara wakati wa kiangazi, lori lenyewe hulioni. Unaona taa mbili nyekundu ndani ya kitu chenye rangi ya chai ya maziwa, na kwa hizo taa ndipo unajua kama mwenzako yuko mbali au unakaribia kumkwea mgongoni. Watu huniuliza kwa nini sikubaki nyuma vumbi litulie. Hao hawajaendesha huko. Ukisubiri vumbi litulie utalala njiani, na mahindi yanangojewa Korogwe.

Aliyenifundisha kusoma taa ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Alikuwa dereva wa mama mmoja mfanyabiashara wa Manundu mwenye malori mawili, na ni yeye aliyeniombea hilo la pili. Kwa hilo nilimshukuru na bado namshukuru. Mwanamke kuendesha lori kwetu si ajabu kubwa kama mnavyodhani, ila kuna sharti lake: mwanaume akigonga, breki zimefeli, mwanamke akigonga, amefeli yeye.

Kabla ya safari yangu ya kwanza alinipeleka uwanja wa mpira wa Kwamndolwa. Akaegesha lori lake, akawasha taa za nyuma, kisha akashuka akaniambia nije polepole na la kwangu. Taa zilikuwa kwenye ncha za bampa, moja huku, nyingine kule. Kadiri nilivyomkaribia ndivyo zilivyoachana machoni pangu. Nilipofika mahali ambapo hata akifunga breki ghafla nami ningewahi kusimama, akapiga kelele, "Hapohapo!" Akapanda kwangu na tepu nyeusi ya mafundi umeme, akabandika vipande viwili kwenye kioo cha mbele, kila kimoja sawa na taa yake.

"Kaa mgongo uguse kiti, usiinamie usukani," akasema. "Taa zangu zikiwa ndani ya tepu, njoo. Zikigusa tepu, ondoa mguu kwenye mafuta. Taa hazidanganyi, mdogo wangu."

Msimu mzima taa hazikudanganya. Korogwe alinitangaza kwa madereva wenzake mpaka nikaona haya.

Siku ya ajali yeye alikuwa ametangulia Mazingara tangu jana yake. Mimi nilifika asubuhi, nikapakia kwenye shamba la jirani. Alipopita barabarani alinipigia honi, akanipungia mkono, nami nikaingia nyuma yake. Kufikia hapo vumbi lilikuwa limeshammeza.

Nikazitafuta taa, nikazipata, ziko ndani ya tepu. Tena ndani sana. Nikacheka peke yangu, leo kaka ana haraka, nikakanyaga mafuta.

Mbele yake ng'ombe wakakatiza. Niliona taa zikiwaka zaidi, nikajua amefunga breki, nami nikafunga, lakini sikuwa na hofu kwa sababu tepu zilikuwa bado mbali. Ubao wa nyuma wa lori lake ulijitokeza kwenye vumbi nikiwa nimeshafika. Taa hazikuwa zimegusa tepu hata wakati huo.

Rejeta yangu ilipasuka, magunia yakamwagika, goti langu likavimba. Niliposhuka nikatazama bampa yake iliyokunjamana. Vipande vya vioo vyekundu vilikuwa katikati, kwenye chuma kipya chenye rangi mbichi, wala si kwenye ncha.

"Taa ziko wapi?" nikamuuliza.

Akaniambia pale pale, kwa sauti ya chini. Wiki ile alirudi nyuma akagonga nguzo ya mashine ya kusaga, ncha moja ya bampa ikapinda. Akamwogopa yule mama mwenye malori. Akalipeleka lori kwa fundi wa kuchomelea wa Kwamndolwa, naye akakata ncha zote mbili, akazisogeza taa zote ndani ili zilingane, mama asione pengo.

"Na mimi?"

"Nilitaka kukwambia."

Nilijua nimeumia, lakini bado nilikuwa na kaka. Nilidhani tajiri akifika atalisema hilo hilo, labda kwa kulipunguza kidogo.

Mama alikuja na bodaboda mchana. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa pole, kisha akauliza, "Ulisinzia?"

Nikamtazama kaka. Akanishika bega.

"Msamehe, mama. Alitoka nyumbani alfajiri. Usingizi hauna adabu."

"Taa zilisogezwa!" nikasema. "Mwulize."

Mama akaitazama ile bampa. Kwa jinsi nilivyoigonga, hata fundi aliyeitengeneza asingeitambua.

"Zilikuwa palepale, mama," kaka akajibu, mkono ukiwa bado begani kwangu. "Ana mshtuko."

Nilitamani kuuma ule mkono. Mama akanyoosha wake, nikampa funguo.

Kulikuwa na yule fundi wa kuchomelea wa Kwamndolwa. Yeye angeweza kusema alichokata. Nilikuwa nimeshavaa viatu kwenda kumchukua nimpeleke Manundu, mama yetu mzazi akakaa mlangoni. Akasema kaka ana watoto, mimi sina. Nikiongea, ukoo mzima utasemwa na watu. Nikavua viatu. Hasira sikuivua.

Siku hizi nauza chapati Manundu, karibu na wanapoegesha malori. Juzi malori yote mawili yalisimama mbele ya meza yangu, la kaka mbele, na nyuma yake lile lililokuwa langu, likiendeshwa na dereva mpya, mtu wa mbali. Vipande vyangu viwili vya tepu bado vipo kwenye kioo. Nikazunguka nyuma ya lori la kaka. Bampa ni mpya, na taa ziko kwenye ncha, moja huku, nyingine kule.

Kaka akaja kuchukua chapati zake. Huwa simnyimi.

"Umezirudisha," nikamwambia.

Akageuka, akazitazama.

"Ilibidi," akasema huku akimtupia jicho yule dereva mpya, asije akasikia. "Yule si ndugu yetu. Akinigonga, hatanyamaza."