Kisiwa Kilichoandikwa "Hakuna"

Kilichomponza mkutubi ni neno moja tu: hakuna. Aliliona kwenye barua pepe iliyotoka ng'ambo, kwa binti mmoja mtafiti aliyekuwa akikusanya orodha ya wanablogu wa siasa wa kila pembe ya dunia. Kila nchi ilikuwa na majina yake, nyingine kumi, nyingine arobaini. Kisiwa chao kilikuwa mstari wa mwisho kabisa wa jedwali, na mbele yake pameandikwa hakuna. Binti aliuliza, kwa adabu zake zote, kama maktaba ya kisiwa inaweza kuthibitisha hilo.

Mkutubi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuna! Yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mwenye funguo za maktaba pekee kisiwani, vitabu elfu nne na kompyuta tatu, moja mbovu, aambiwe watu wake hawana la kusema? Kusahauliwa walikuwa wamezoea. Kwenye ramani ya ukutani shuleni, kisiwa kimefunikwa na kile kisanduku cha maelezo ya rangi. Taarifa ya hali ya hewa huisha kabla haijawafikia. Ndiyo maana redio ya kisiwa ilikuwa na desturi yake: popote ng'ambo watakapotajwa, hata kwenye habari ya ndege iliyopotea njia, ukurasa mzima husomwa hewani asubuhi, na watu huacha chai ipoe wakisikiliza.

Na mwanablogu alikuwepo, tena wa haja. Blogu yake iliitwa Kifagio, na kila Jumatatu iliingia ofisi za wakubwa na kufagia mpaka uvunguni. Ndiyo iliyosema mashua ya wagonjwa inapeleka wageni wa Mkuu wa kisiwa kuogelea. Ndiyo iliyoeleza jinsi muhtasari wa kikao cha baraza unavyochapwa siku moja kabla ya kikao chenyewe. Mwandishi hakuweka jina, na hakuna asiyemjua. Alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya Mkuu huyohuyo, mdogo wake mke wa mkutubi. Alijulikana, ila hatajwi. Kinyozi akimwona anapita alimwita, "Dada, umesikia Kifagio kasema nini wiki hii?" Naye akasimama, macho makavu, "Sijasikia, kasema nini?" Basi akasimuliwa maneno yake mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, akashika kiuno na kushangaa. Hata Mkuu, kwa maneno ya dereva wake, alikuwa akisoma Kifagio garini na kucheka peke yake. Alivumilia kwa sababu hakuna aliyemlazimisha kumjua mwandishi.

Mkutubi angeweza kumpa yule binti anwani ya blogu na kuishia hapo. Ndivyo angefanya mtu mwenye akili timamu. Lakini ukikaa miaka na miaka huulizwi kitu, siku ukiulizwa mdomo unakosa breki. Aliandika kurasa mbili. Akataja blogu, akataja jina la mwandishi, la baba yake na la babu yake, akataja masijala, na mwisho akaongeza kwa mikogo kwamba mwandishi huyo ni shemeji yake. Akatuma, akafunga maktaba, akatembea kwenda nyumbani kifua mbele. Kumwambia mtu wa ng'ambo hakukuona kuwa ni kusema. Nani huko angemjua karani wa masijala?

Miezi miwili baadaye ripoti ilikuja. Mkutubi aliikimbilia sehemu ya chini ya ukurasa wao, palipoandikwa, "Tunamshukuru mkutubi wa kisiwa kwa msaada wake." Mstari huo aliusoma mara saba. Yaliyokuwa juu yake hakuyasoma, aliyapitisha macho tu, akaridhika kuona jina la kisiwa kwa herufi nene. Akachapa ukurasa na kuupeleka mwenyewe redioni, kwa mtangazaji wa asubuhi, ambaye aliupokea kwa mikono miwili.

Kesho yake alikuwa mezani na mkewe wakinywa chai, redio imefunguliwa. "Wananchi," mtangazaji akapaza sauti, "leo tumetajwa!" Akasoma idadi ya wakazi, akasoma sifa za Kifagio, na mke wa mkutubi akatabasamu, kikombe mdomoni. Kisha mtangazaji, kwa furaha ileile na bila kuvuta pumzi, akasoma jina. Lake, la baba, la babu. "Ambaye ni karani wa masijala katika ofisi ya..." Sauti ikakatika. Karatasi ikasikika ikikunjwa. Ukapigwa muziki, na muziki huo haukukatishwa mpaka saa nne.

Mke akaweka kikombe chini. "Nani kawaambia?"

Hapo ndipo mkutubi alipopata nafasi ya kuwa mwanamume, na akaiacha ipite. "Watu wa ng'ambo hawa," akasema, "wana mitambo yao." Mkewe alimtazama kidogo, kisha akainuka kwenda kumpigia simu mdogo wake.

Kabla ya adhuhuri karani alikuwa na barua ya kuachishwa kazi. Inasemekana Mkuu hakuweza kumtazama usoni. "Dada yangu," alimwambia, "miaka mitano mimi nilikuwa sijui. Leo nimejulishwa mbele ya kisiwa kizima. Nifanyeje?" Jumatatu iliyofuata Kifagio hakikuandika kitu, wala Jumatatu ya pili. Mashua ya wagonjwa ikaendelea kupeleka wageni kuogelea.

Ule ukurasa, wakati huo, ulikuwa umeshapita mikono mingi, na kisiwa kina mkutubi mmoja. Aliyasubiri matusi. Hayakuja. Alipokwenda kunyolewa, kinyozi alimfunga kitambaa shingoni na kuuliza kwa upole, "Mzee, hivi ni nani aliyewapelekea wale jina?" Waliokuwa kwenye benchi wote wakainua macho kwenye kioo. "Sijui," mkutubi akasema. "Hata sisi hatujui," kinyozi akasema, akamnyoa vizuri kuliko siku zote. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwenye kioo kila mtu aliiona. Laiti wangemtukana, angejua pa kuanzia kuomba radhi.

Alhamisi karani mwenyewe aliingia maktaba na kuomba kompyuta. Alikuwa anaandika barua ya kuomba kazi kwenye dirisha la tiketi za kivuko. Hapakuwa na msomaji mwingine. Mkutubi alizunguka rafu mara tatu akijikaza, kisha akasimama nyuma ya kiti cha karani.

"Shemeji, lile jina lako..."

"Shemeji." Vidole vyake viliendelea kuchapa.

"Acha nikwambie ukweli. Mimi ndiye..."

"Usiniambie!" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Dada yangu ana mume mmoja, na mimi nina dada mmoja. Jumapili nakuja kwenu kula kama siku zote. Ukilisema hilo, mimi siji tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya. Mashine ya kuchapa ina wino?"

Ilikuwa na wino. Alimchapia barua nakala mbili, akazinyoosha, akazitia kwenye bahasha ya maktaba.

Jumapili alikuja kweli. Alisaidia kupakua, akaigiza jinsi mtu wa dirisha la tiketi anavyowatazama abiria, dada yake akacheka mpaka machozi. Mkutubi alikaa kwenye kiti chake cha mwenye nyumba, sahani yake imejaa vilevile.

"Shemeji, mbona huli?" karani akauliza.

Mkewe naye akainua macho. Mkutubi akasema ameshiba, na wote wawili wakakubali kwamba ameshiba.