Phelister na Sheria ya Yajina

Phelister, jirani yangu wa Namuwongo, Kampala, alifiwa na mumewe Odera mwaka 1994, akabaki na mabinti watatu na mashine ya kuchomelea vyuma kule Katwe. Matanga hayajaisha, shemeji yake Oduor akafika kutoka Siaya, akamwita kwa Kijaluo binti wa Ugenya, kwao alikozaliwa.

"Huna mtoto wa kiume, nyar Ugenya. Mashine irudi kwa ndugu."

Bila mashine wale watoto wale nini? Sabuni? Maana Phelister alikuwa akifua nguo kwa Mama Kusum, Mhindi aliyerudi Kampala Wahindi waliofukuzwa nchini waliporudishiwa nyumba zao.

Mama Kusum alimwona macho yamevimba, akamwambia: dini yao ilikuwa na mzee wa hekima, Yajinavalkia, wa zamani sana, na mahakama za India bado zinamtaja. Alisema mtu akifa bila mtoto wa kiume, mrithi wa kwanza ni mjane. Na alipoulizwa roho ni kitu gani, alijibu: si hiki, wala si hiki.

Phelister alikuja kwangu ameshika kichwa. "Mtu asiyejua roho ni nini, nitashinda naye kesi?"

"Una mwingine?" nikamwuliza.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Marjan, Mnubi. Oduor akasema yake. Phelister akasimama, ulimi ukamgoma: "Mzee, kuna sheria ya... ya Yajina..."

"Ya jina!" Marjan akakaa wima. "Sasa unaongea. Mashine ina jina?"

Ilikuwa nalo. Mafundi wa Katwe huchomelea majina yao kwenye mashine kwa sababu ya wezi: ODERA.

"Nyabo," akamwambia Phelister, kama Waganda wanavyomwita mama, "kitambulisho chako kinasemaje?"

"Phelister Odera."

"Na wewe, ssebo?" akamgeukia bwana Oduor.

"Oduor Okumu. Lakini mzee, mimi na marehemu ni tumbo moja..."

"Sijauliza tumbo. Nimeuliza jina. Mashine ni ya mama."

Akapiga muhuri. Oduor alinifuata mlangoni. "Huyo Yajina ni kabila gani? Nyumbani nitasema nimeshindwa na nani?"

Phelister, mjinga wa Mungu, akarudi ndani kuungama. "Mzee, sheria yenyewe haikuwa ya jina. Yajina ni jina la mzee mmoja Mhindi."

Marjan akamtazama. "Nimwite shemeji yako arudi?"

"Hapana, mzee."

"Basi nenda."

Njiani akanishika mkono. "Sasa mimi nimeshinda kwa sheria gani?"

Nilimwambia atafute fundi wa kuiwasha ile mashine kabla Oduor hajapata swali lingine.