Nzi Wasiotiwa Fundo

Mumewe alipohamia kwa mwanamke mwingine alibeba godoro, redio na fimbo zote za kuvulia. Ndoano na manyoya aliviacha, maana kutengeneza nzi wa bandia wa kunasia samaki hakujua. Miaka yote walipomsifia mtoni, aliyewafunga nzi hao alikuwa mkewe: manyoya ya jogoo, uzi, fundo la mwisho, kisha tone la gundi, mpaka samaki adhani mdudu ametua majini.

Alifundishwa na baba mkwe. Darasa hakuliona, lakini mzee alimpa fimbo akamwambia mto hauulizi cheti. Tangu hapo, akisimama kwenye maji yaendayo kasi ndipo hujiona mtu.

Siku moja wifi yake akapiga hodi.

"Wifi, nimetumwa. Nyumbani wanataka nzi wa kuvulia Jumamosi."

"Kwani yule bibi mpya hana mikono?"

"Jamani, usinimeze! Mimi nimetumwa tu."

Hakuuliza nani atawatumia. Aliwafunga, wazuri wa kupendeza macho, ila fundo la mwisho hakulitia, wala gundi. Acha yule mwanamume aumbuke mbele ya wenzake, akajisemea, na moyo ukamtulia.

Jumamosi akaenda kujionea. Mume hakuwepo. Aliyesimama juu ya jiwe alikuwa baba mkwe, siku yake ya kwanza nje baada ya maradhi marefu.

Mzee alirusha mshipi mara moja, mara mbili. Manyoya yakaachana, yakaenda na maji. Samaki mkubwa akapanda, akaitazama ile ndoano tupu, akageuka, akaenda zake.

"Mzee, leo unavua kwa msumari?" Wavuvi wa ng'ambo walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Nzi huyu nimemfunga mwenyewe," akawajibu kwa sauti. "Uzee huu, wanangu!"

Mama wa watu alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kurudi kimyakimya, lakini mzee alikwisha kumwona. Alimwita kwa kidole, akamfungulia kikopo chenye nzi waliobaki.

"Aibu uliyomkusudia mumeo nimeimeza mimi," akasema polepole, wengine wasisikie. "Hawa watie fundo, mwanangu."

Hakumuuliza kwa nini. Afadhali angemuuliza.

Akaketi chini, akatoa uzi mfukoni. Vidole vilivyozoea kufunga bila kutazama vikawa vinapapasa, uzi ukimponyoka kila mara, na mzee akimngoja, mshipi wake ukiwa nje ya maji.