Samaki Mwenye Nundu

Msinicheke kabla sijamaliza. Dorika, mke wa mdogo wangu, alinunua tangi kubwa la vioo kwa ajili ya saluni yake hapa Columbus, Marekani, akataka samaki wa Ziwa Tanganyika.

"Bon, shemeji, wewe ni mtu wa Uvira, pale pale kando ya ziwa. Utatuchagulia."

Ukweli ni kwamba mimi ni wa milimani, juu kabisa ya Uvira. Nimekulia nyuma ya ng'ombe. Ziwa nililiona kwa mbali, likimetameta. Lakini nilikohoa kidogo, nikasema hamna shida.

Dukani muuzaji alituonyesha filta moja kubwa, mashine ya kusafisha maji ya tangi. Nikaikataa kwa madaha. "Ziwani kwetu nani alichomeka mashine?"

Kisha nikamwona samaki dume kwenye kioo cha ukutani, mistari myeusi, nundu imesimama. "Huyu! Na ona maji yake yalivyo safi, bila filta yoyote!" Nikampigia mluzi ajongee, kama tulivyokuwa tukiita fahali.

Muuzaji alinigusa bega taratibu. Ile ilikuwa televisheni, ikitangaza filta ileile.

Dorika alicheka mpaka akakaa chini. "Donc, shemeji," akasema akifuta machozi, "huyo ng'ombe wako tunamkamua saa ngapi?"