Seremala Mkimya wa Mazoezi ya Moyo

Wazee wa darasa la mazoezi ya moyo walimwita seremala huyo Mjukuu, kwa kuwa alikuwa na miaka thelathini na miwili tu. Mshtuko wa moyo ulimwangusha karakanani akiwa ameshika mlango alioutengeneza mwenyewe, na tangu hapo hakuruhusiwa kunyanyua kitu kizito kuliko randa. Tajiri wake alikwisha kumweleza waziwazi: asiporudi Jumatatu, nafasi yake ingepewa fundi mwingine. Kwa hiyo zoezi la Ijumaa, ambalo kwalo muuguzi angeamua kama amepona vya kutosha, lilikuwa kwake suala la kufa na kupona.

Muuguzi alikuwa na kanuni moja. Atembeaye juu ya mashine ya kutembelea sharti azungumze. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo. Wazee waliitii kwa furaha, wakiwasengenya wakwe zao. Mjukuu alitikisa kichwa na kutabasamu, na wote, muuguzi akiwamo, wakaamini kwamba ni mtu asiye na maneno mengi.

Ijumaa hiyo aliuongeza mwendo mwenyewe. Kando yake alitembea mshonaji mstaafu, bibi mwenye ulimi mkali, akamtania kwamba anakwenda kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Mjukuu akacheka bila sauti. Midomo yake ilikuwa imepauka. Bibi akaacha mzaha.

"Wanao wanaitwa nani?"

Akaonyesha vidole viwili.

"Sikuuliza ni wangapi. Nimeuliza wanaitwa nani."

Jina la kwanza likamkatikia kinywani. Alimtupia jicho muuguzi, aliyekuwa mlangoni amewapa mgongo, kisha akamtazama bibi kwa macho ya kumsihi. Bibi alisita, maana habari ya Jumatatu aliijua.

"Zima mwenyewe, mjukuu wangu," alisema polepole, "au nimwite Sista."

Mkono wa Mjukuu ulikawia juu ya kitufe. Hatimaye akakibonyeza, akaketi sakafuni.

"Kifua kinabana, Sista. Kinabana tangu Jumanne."

Wakamkimbiza wodini, na mshipa ulioziba ukazibuliwa jioni ile ile. Jumatatu ikapita, nafasi ikaenda kwa mwingine.

Siku hizi amerudi darasani, anatembea mwendo wa bibi harusi, akieleza habari za wanawe, mbao mbichi na misumari isiyofaa. Juzi mshonaji aliomba kijana huyo anyamazishwe walau kidogo. Muuguzi akamjibu kwamba kanuni ni kanuni.