Mama Sadick Anapenda Muvi Zilizotafsiriwa

Gloria ndiye aliyeanza. Tulikuwa bombani, ndoo zimepanga foleni, akaniinamia sikioni.

"Mama Gati, umesikia? Mama Sadick ana bwana. Na bwana mwenyewe ni Dullah wa kibandani."

Dullah ni kijana anayeonyesha muvi hapa senta ya Nyakunguru, kwa wachimbaji wa dhahabu. Kibanda chake ni cha mabati, kina mabenchi na televisheni moja kubwa, na mlangoni kinaning'inia turubai ili mwanga usiingie. Mama Sadick ni fundi cherehani, mjane, jina lake Arafa, na kwa umri angeweza kunizaa. Nikasema, "Gloria, mwogope Mungu."

"Sasa mtu mzima anatafuta nini mle kila jioni, katikati ya wachimbaji? Na akitoka, anatoka ameshikwa mkono. Ameshikwa, Mama Gati! Halafu siku hizi anaringa. Jana nimempungia mkono pale kwa mashine ya kusaga, kanipita kama mimi ni mchongoma."

Nikajitwika ndoo yangu. Sikubisha, maana la kushikwa mkono nilikuwa nimeliona mwenyewe. Mimi nauza mayai ya kuchemsha na karanga mlangoni pa kile kibanda, mwanangu Gati akiwa mgongoni, na lile turubai lina tundu. Kila muvi inayoonyeshwa mle naiona nusu.

Maoni ya Mama Sadick, hayo nayapata yote. Akitoka hukaa kwenye kibenchi changu, ananunua yai, analipapasa kutafuta ufa wa kumenyea, anaanza. Hakuna muvi inayopita bila hukumu.

Ile ya wanajeshi aliikataa kabisa. "Bunduki nyingi, maneno hakuna. Watu wamekufa tangu mwanzo, hata sijajua nimlilie nani."

Ya Wakorea, ya mfalme na kijakazi wake, aliipenda ila alimkasirikia mfalme. "Hana akili yule. Binti wa watu anamwambia maneno mazuri vile, yeye anapumua tu! Mimi ningerudi kwetu. Lakini DJ kaitafsiri vizuri, Mungu amlipe."

Na ile ya kwetu, ya Kiswahili kitupu, iliyojaza kibanda mpaka watu wakasimama, aliiacha kabla haijaisha. "Ovyo. Mtu anaingia sebuleni, kimya. Anakaa, kimya. Muziki unalia, unalia, halafu watu wote mle ndani 'Yesuuu!' Kimetokea nini? Hakuna anayesema. Hiyo nayo ni muvi?"

Hilo nililiwaza sana. Muvi ambayo lugha yake anaijua haitaki. Anazotaka ni za Wahindi na Wakorea, zile ambazo yule DJ wa kutafsiri anaweka sauti yake juu ya sauti zao tangu mwanzo hadi mwisho, anaeleza nani kaingia, nani kaficha kisu, nani anamtazama mke wa mwenzake. Wachimbaji huchoka naye. Humpigia kelele kana kwamba anawasikia, "Nyamaza mura, tunaona!" Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana. Mama Sadick sijawahi kumsikia akilalamika kwamba DJ amezidisha.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilimpa kitenge anishonee gauni la Gati, na liliporudi mkono mmoja ulikuwa umeshonwa nje-ndani. Nilimshukuru, nikaenda nyumbani nikaufumua, nikaushona kwa mkono. Nilidhani ana mawazo. Mwanawe Sadick anaishi Mugumu na mkewe, na mke alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mjukuu wa kwanza wa Mama Sadick. Kila wiki Sadick alisema atamleta mtoto aonwe na bibi yake. Kila wiki ikawa mvua, ikawa homa, ikawa kazi.

Basi Jumapili Dullah akaonyesha ya Kihindi. Hata Gloria aliingia, kanga mpya. Ni habari ya mama aliyepotezana na mwanawe sokoni, mtoto akakulia kwa watu, mama akamtafuta mpaka nywele zikawa nyeupe. Mwishoni mtoto anaoa, na mama anafika harusini. Niliona kwa tundu langu: kijana anamtambua, anamwangukia miguuni, na yule mama anainuka anacheza na bibi harusi, maua yanamwagwa, ndugu wote wanacheza. DJ kwa kuwa muvi imeisha na yeye ana mzaha wake, akasema, "Hapo mama akakata kamba, wakamzika, mimi nikala pilau. Kwaherini wapenzi watazamaji." Kibanda kizima kikacheka. Mama gani amekata kamba na huyu hapa anazungusha kiuno!

Mama Sadick alitoka analia. Dullah alimfikisha kwenye kibenchi, akamwambia, "Pole na magoti, mama," maana yeye anajua ni magoti yanayomsumbua, akarudi ndani.

"Shikamoo, Mama Sadick," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Alijifuta kwa ncha ya mtandio. "Leo wameniumiza. Amtafute mtoto miaka yote ile, afike mlangoni pa harusi, ndipo afe? Hata mjukuu hajamwona. Aliyetunga muvi ile hana mama."

Gloria alikuwa amesimama pale pale, ganda la yai mkononi. Akaangua kicheko. "Afe nani? Mama Sadick, ulikuwa umelala? Mama kacheza harusi mpaka kiatu kimeruka! Au macho yako yalikuwa kwa mwingine mle ndani?"

Wachimbaji wawili waliokuwa wanakula karanga wakacheka pia. Mama Sadick aligeuza uso kuelekea sauti ya Gloria, akaipita kidogo, akawa anatazama ukuta wa mabati.

"Labda nilisinzia," akasema.

Mimi nilikuwa namkabidhi chumvi. Nilimnyooshea karatasi yake karibu na goti, mahali ambapo mtu yeyote angeiona. Hakuipokea. Nikauchukua mkono wake nikaiweka kiganjani.

Kesho yake asubuhi nilikwenda barazani kwake. Cherehani ilikuwa wazi, na kwenye kipande cha sponji sindano zimechomekwa, zote zimeshatungwa uzi. Watoto wa shule wakipita huwa anawaita, "Njoo unitungie, mjukuu wangu." Sote tulidhani ni mapenzi ya watoto. Nilikaa kwenye mkeka nikamshusha Gati. Sikujua pa kuanzia.

"Lile gauni," akasema yeye, mguu umetulia juu ya pedali. "Nilikosea, siyo?"

"Mkono mmoja tu, mama."

"Na hukusema."

"Sikusema."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanieleza polepole, kama anayepima kitambaa. Ni presha ya macho. Alikwenda Mwanza kwa siri, akimwambia kila mtu anafuata vitambaa. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki nacho kitakwenda; dawa ya matone ni ya kuchelewesha tu. Jicho la kushoto limeshazimika. La kulia limebaki na tundu.

"Tundu kama la kifungo," akasema. "Mwanzo lilikuwa la koti. Sasa ni la shati la mtoto. Nikikuweka katikati naona pua yako, siuoni mdomo."

"Sadick anajua?"

"Sadick akijua atakuja na gari siku hiyo hiyo. Atauza cherehani, atanikalisha Mugumu kwenye kona ya nyumba ya mkewe. Nitaletewa uji, nitaulizwa kama nataka kujisaidia. Hapa bado ni fundi. Hata fundi mbaya ni fundi."

Nikamuuliza basi kibandani anafuata nini, na kuona haoni. Nilijuta mara swali lilipotoka, lakini hakukasirika.

"Mle ndani kiza ni cha wote," akasema. "Kila mtu anapapasa benchi, kila mtu anakanyaga mwenzake, Dullah anamshika mkono kila anayechelewa. Nikiwa mle sina ugonjwa. Na yule DJ ananiambia kila kitu. Nilimwamini, mwanangu. Sikujua kumbe kuna siku anadanganya, na wenye macho wanacheka."

Gati alikuwa ametambaa mpaka kwenye pedali, anaipigapiga. Mama Sadick alimshika kichwa, akampapasa paji, nyusi, mashavu. Alimpapasa muda mrefu kuliko mtu anavyompapasa mtoto wa jirani.

Simu yake ililia. Alinipa nimsomee, ulikuwa ujumbe wa Sadick. Nikasoma kama ulivyoandikwa: barabara imeharibika, mtoto ana mafua, watakuja baada ya Idi. Nilihesabu kimoyomoyo miezi iliyobaki mpaka Idi. Nadhani naye alihesabu, maana alitafuta sindano kwa kidole mpaka ikamchoma.

"Baada ya Idi," akasema. "Daktari hakunipa mpaka huko."

Nimwambie kwamba Mungu yupo? Analijua hilo kuliko mimi.

Nilipoinuka kumfunga Gati mgongoni, alinishika upindo wa kanga.

"Mama Gati. Siku Sadick akija na mtoto, uwepo. Njoo kama jirani, na mayai yako. Kaa ubavuni kwangu huku wakinipakatisha, nami nitatazama chini kama ninavyomtazama mtoto yeyote. Wewe uninong'oneze anafanana na nani. Pua ya nani, macho ya nani. Na kama si mzuri, sema si mzuri. Ila nakuomba, mwanangu, usinitafsirie kama yule DJ."